Mikono Nyuma

Sista hakujua kumtupia mtu jicho. Akitaka kukutazama aligeuza shingo nzima, mabega yakafuata, na mkoba wa mapajani nao ukageuka. Nilimwendesha miaka tisa kwenye gari la kliniki ya macho, yeye kiti cha mbele kushoto, mimi kwenye usukani, na miaka saba ya mwanzo niliamini kwamba yale ni maringo. Hata mke wangu nilishamweleza: yule mama wa Kondoa anaringa kwa shingo.

Niseme mapema kwamba hakuwa mtawa. Sista ni nesi, basi. Alikuwa Mwislamu, ana watoto wanne, anavaa ushungi na miwani yenye rangi ya chai aliyosema ni ya vumbi. Lakini hospitali yetu ilikuwa ya misheni, na vijijini watu wakisikia Sista wanajua moja tu. Bibi mmoja alimwomba amwombee kwa Bikira Maria. Sista akasema sawa, fungua jicho.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tunafika kijijini asubuhi, watu wamekaa foleni nje ya ofisi ya mtendaji. Sista anawapima mmoja mmoja, anaamua nani aje hospitali kupasuliwa mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaoziba mboni. Daktari ndiye aliyeshika kisu na ndiye aliyekuwa na neno la mwisho, ila daktari hakuiona foleni. Aliwaona kumi na wawili tuliomletea, maana gari lilibeba kumi na wawili na vitanda vilikuwa kumi na viwili. Wa kumi na tatu alisubiri miezi mpaka turudi. Sista alikuwa anajua hilo vizuri, na ndiyo sababu foleni yake ilikwenda taratibu mpaka mimi nalala, naamka, naiona vilevile.

Halafu watu walimdanganya, jamani. Wenye kuogopa kisu walisema wanaona mpaka Morogoro. Wenye hamu ya kupanda gari, kulala kwenye godoro na kunywa chai ya maziwa walisema hawaoni hata jua. Kwenye kuhesabu vidole ndiyo usiseme. Anayemaliza kupimwa anapita nyuma ya foleni akiwanong'oneza wenzake: anaanza na tatu, halafu moja, halafu nne. Siku moja bwana mmoja alijibu tatu, moja, nne, Sista hajainua hata mkono. Sista akaandika kwenye daftari: anasikia vizuri.

Ndipo akaja na ungo. Aliutoa kwake nyumbani, akaupakia kwenye gari langu pamoja na mfuko wa choroko na kopo la vijiwe vidogo alivyookota mwenyewe pale uwanja wa hospitali. Anamwaga choroko kwenye ungo, anatia vijiwe, anakuwekea mapajani: chambua. Hapo hakuna wa kukunong'oneza. Ukichambua vizuri, bado unajiweza, utasubiri zamu ijayo. Ukishindwa, anakuwashia tochi machoni, anakuuliza mwanga unatoka upande gani, anapima presha, anauliza sukari, anauliza nani nyumbani atakutia dawa ya matone. Wanaume walilalamika kwamba kuchambua choroko si kazi ya mwanamume. Aliwaambia wachague kati ya choroko na kisu.

Mimi ni Mgogo wa Chamwino, kwa hiyo nilikuwa dereva na mkalimani, ingawa barua yangu ya ajira ilitaja moja tu. Kigogo cha Sista kiliishia kwenye mbukwenyi ya kusalimia watu asubuhi, na hata hiyo akina bibi waliicheka. Mengine yote yalipitia kwangu. Naomba ulikumbuke hilo, tutalirudia.

Baada ya kupima alikuwa na swali moja la mwisho, na bila jibu lake hakuandika jina: ukipona, unataka kuona nini? Nilidhani anapoteza muda. Mtu anataka kuona, nini tena? Lakini majibu yalikuja. Mzee mmoja alitaka kuhesabu mbuzi wake mwenyewe, kwa sababu mwanawe alikuwa anasema ni kumi na wanane na sauti za mbuzi zilikuwa zinasema zaidi. Mama mmoja alitaka kumwona mkwe wake, alimjua kwa kikohozi tu. Bibi mwingine alifikiri, akasema hakuna, nimeshaona ya kutosha. Mwanawe wa kiume akaja juu, akasema mama apasuliwe. Sista akageuza ile shingo yake. "Jicho la nani?" akamuuliza. Tukaondoka bila yule bibi.

"Mimi siuzi operesheni, Dereva," aliniambia njiani, mimi sijauliza.

Hakuniita jina miaka tisa yote. Mimi nami nilimwita Sista, ingawa nyumbani kwake nilijua anaitwa mama nani.

Na honi hatukupiga. Hiyo ilikuwa amri, na ilinikera kuliko zote. Waliochaguliwa hakuwapakia siku hiyohiyo. Aliwaambia nendeni mkaulizane nyumbani, kesho saa moja asubuhi gari litapita barabarani. Kesho yake napita polepole, mwendo wa maiti, kioo kimeshushwa, vumbi lote letu. Anayetaka kupasuliwa unamkuta barabarani na kifurushi chake: kanga au shuka, kikombe, sabuni. Asiyekuwepo ameshaamua. Nikamwambia Sista, pengine mtu amelala, nipige honi kidogo tu? Akasema honi ni kumwita mtu. Nikiwaita, watakuja kwa heshima, si kwa kutaka, halafu wakipata maumivu watasema gari liliwaita. Tukapita hivyohivyo, kimya, mimi na gari lenye honi nzima kabisa.

Waliokubaliwa aliwamaliza haraka. Aliokawia nao ni wale aliowakataa. Kulikuwa na dalali wa mahindi wa Kibaigwa, mtu wa maneno, kofia nzuri, aliyekuja kwa sababu jirani yake amepasuliwa na sasa anaona. Sista akammulika tochi jicho la kulia, akamuuliza mwanga uko wapi. Dalali akasema juu. Ulikuwa chini. La kushoto vilevile. Ilikuwa presha ya macho, imekula mshipa wa ndani siku nyingi, na hapo hakuna kisu kinachosaidia.

"Nipasue tu," dalali akasema. "Ikishindikana basi."

"Ikishindikana utasema ni mkono wa daktari," Sista akamwambia. "Ukajilaumu na kutulaumu mpaka kufa. Mimi nakwambia leo: macho haya hayarudi. Si kosa lako na si kosa la mtu."

Yule mtu alilia, kofia mkononi, mbele ya foleni nzima. Sista akaketi chini kwenye sakafu karibu naye, na sisi wote tukasubiri, jua likapanda, watu wakaanza kuguna. Akamuuliza kazi yake anaifanyaje. Dalali akasema, mahindi nayajua kwa meno, nauma punje moja najua kama imekauka. "Sasa meno yako nayo yana presha?" Sista akauliza. Dalali akacheka huku kamasi zinamtoka. Nilipopita Kibaigwa mwaka uliofuata nilimkuta kati ya magunia, fimbo kwapani, anauma punje na kumwambia mtu kwamba mahindi yake ni mabichi.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na kisirani. Mtu aliyetia jichoni asali, au maji ya sukari, au kile wanachotia ambacho sitakitaja, alimgombeza mpaka mtendaji akatoka ofisini. Alikuwa anaogopa sindano. Nesi! Siku ya wafanyakazi kuchanjwa alijifungia kwenye gari langu akasema anatafuta karatasi. Na kila mgonjwa, bila kukosa, alimwambia operesheni ya jicho haiumi. Alisema haiumi kwa sauti ya mtu aliyekwishaonja.

Sasa nije kwa bibi mmoja ambaye bado sijamtaja.

Kilikuwa kijiji kimoja mbele ya Mvumi. Nilikuwa nimeosha gari asubuhi, na kufika pale limeshapata vumbi jepesi. Bibi akatoka upande wa nyuma, akapita kando ya gari kuja kwenye foleni, na nikaona ameburuza vidole vyake kwenye bodi, kuanzia taa ya nyuma mpaka mlango wangu. Mistari minne mirefu kwenye vumbi. Nilikasirika. Nilichukua kitambaa nikafuta.

Zamu yake ikafika. Mboni zilikuwa na weupe, Sista aliuona, lakini weupe wenyewe haukwambii mtu anaona kiasi gani. Akampa ungo. Nikatafsiri: bibi, chambua. Wallahi sijaona mtu anachambua vile. Vidole vilikimbia kama kuku wanaodonoa, vijiwe vikaanguka chini kimoja kimoja, hakikubaki hata kimoja. Foleni ikashangilia. Gari lilikuwa limebakiwa na nafasi moja, na nyuma yake kulikuwa na mzee aliyeshindwa hata kuupata ungo wenyewe. Sista akaandika kwa bibi: anajiweza, zamu ijayo.

Tuliporudi zamu iliyofuata bibi hakuja kwenye foleni. Tuliambiwa alitumbukia kwenye korongo akitoka kuchota maji, nyonga ikavunjika, yuko ndani. Sista akaacha foleni, akaenda kwa miguu, mimi nyuma yake. Bibi alikuwa amelala kwenye ngozi, mchangamfu, anatusalimia. Sista akapitisha mkono mbele ya uso wake. Hakupepesa.

"Muulize alichambuaje zile choroko," Sista akaniambia.

Nikamuuliza. Bibi akashangaa swali. Akasema jikoni mwake ni giza tangu alipoolewa, kuna moshi, dirisha hakuna, na wanawake wote wa pale wanachambua kwa vidole. Nani anachambua kwa macho? Nikamuuliza mbona hukusema kwamba huoni.

"Mlisema nichambue," bibi akasema. "Hamkusema nitazame."

Niliitafsiri hiyo neno kwa neno. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nimewahi kutoa gari mtoni. Kisha nikamwambia Sista habari ya vidole kwenye vumbi la gari. Nilitamani sana anigombeze. Badala yake alikaa amelishika shuka la bibi, na mimi nikaona aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Tulimchukua bibi siku hiyohiyo, kwa kitanda cha kamba, akapasuliwa. Macho yalipona vizuri sana. Nyonga haikupona. Siku ya kufungua bandeji nilikuwepo kutafsiri. Sista alivua miwani yake ya rangi ya chai, akainama karibu kabisa kutazama kazi ya daktari. Bibi naye akamtazama. Akamtazama sana.

"Kumbe na wewe," bibi akasema. "Upande huu hakuna mtu."

Nikajikuta nimetafsiri kabla sijafikiri. Sista akarudisha miwani. Jicho la kulia, lile lililokuwa upande wangu miaka yote, lilikuwa na kovu jeupe. Jioni nilimrudisha kwake kwa gari. Tulipita mji mzima ndipo akasema, "Surua. Nilikuwa mdogo." Akageuza shingo, mabega na mkoba kuhakikisha nimesikia, na nikaelewa shingo.

Tangu siku hiyo mtihani ulibadilika. Choroko zilibaki, ungo ulibaki, lakini mgonjwa hakuruhusiwa kugusa. "Mikono nyuma," Sista anasema, na mimi natafsiri, na mzee wa miaka themanini anaweka mikono mgongoni kama mwanafunzi aliyechelewa. Sista anaweka kitu kimoja juu ya choroko, anauliza: nini hiki? Vijiji vyote vikatujua kwa hilo. Watoto wakiliona gari walikuwa wanaweka mikono nyuma.

Sista alistaafu, na mimi nikaenda kuendesha gari la wizara huko Mtumba. Gari lina kiyoyozi na siku hizi sili vumbi. Wakubwa wanakaa nyuma, hawaniambii kitu. Nilikuwa namwona Sista kwenye Idi, napakuliwa pilau, basi.

Mwaka huu binti yake akanipigia simu. Mama amejimwagia chai ya moto mkononi, akasema ni kikombe kibovu. Wiki iliyotangulia alilisalimia kochi akidhani ni mtu. Walimpeleka kwa daktari: mtoto wa jicho, jicho la kushoto, lile lile moja alilonalo. Daktari akasema anafaa kupasuliwa, kila kitu kiko sawa, asiache likakomaa mno. Mama amekataa. "Anasema anafanya kazi zake zote," binti akaniambia. "Kaka, wewe atakusikia." Nikamwambia mimi hajanisikia hata kwenye honi.

Nikaenda Nkuhungu kwake Jumamosi mchana. Nyumba imepakwa chokaa nyeupe. Kuanzia mlangoni mpaka chooni, usawa wa kiuno, ukutani kulikuwa na mistari minne ya uchafu, mirefu, imenyooka. Safari hii sikuwa na kitambaa.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba Dereva. Umenenepa."

Alisema hivyo akitazama pembeni kidogo ya nilipokuwa. Alikuwa mkekani barazani, ungo mapajani, anachambua mchele. Vidole vinakimbia. Kila kijiwe kilikwenda kwenye kisahani, hakikubaki hata kimoja.

"Wamekutuma," akasema.

"Wamenituma."

"Mwambie binti yangu naona. Huu mchele nani anauchambua?"

Huyu alikuwa mkubwa wangu wa kazi, na mkubwa kwangu kwa umri. Nikasema polepole, "Sista. Mikono nyuma."

Vidole vikasimama. Nilidhani atanifukuza, na angekuwa na haki. Jirani alikuwa anafua nguo, tukasikia akimwaga maji. Kisha Sista akafuta mikono kwenye kanga, akaiweka mgongoni, mmoja halafu mwingine.

Nikatoa funguo za gari mfukoni nikaziweka juu ya mchele.

"Nini hiki?"

Akainamisha uso, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia. "Umeweka kitu," akasema. "Nimesikia."

"Nini?"

"Sijui, Dereva."

Nikachukua funguo zangu. Aliendelea kukaa vilevile, mikono nyuma, kama amesahau kuirudisha.

"Daktari anasema hatari ni ndogo," akasema. "Ndogo kwa mwenye mawili. Mimi likienda hili, nimekwisha. Sasa hivi angalau mlango nauona, ni mweupe. Na nimewaambia watu wote wale kwamba haiumi. Mimi najuaje kama haiumi?"

"Hujui."

"Sijui hata kidogo. Naogopa."

Nilimwambia hata mimi naogopa, na ilikuwa kweli. Halafu nikamuuliza lile swali, kwa maneno yake mwenyewe: ukipona, unataka kuona nini?

Akafikiri sana. "Nataka kuona yule jirani maji yake ya nguo anayamwaga kwake au kwangu."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na nataka kuchambua kwa macho," akasema. "Kila nikigusa mchele namkumbuka yule bibi. Nilimrudisha nyumbani, Dereva. Mimi."

"Tulimrudisha," nikasema. "Mimi nilifuta gari."

Alirudisha mikono mbele, akaanza kuchambua upya mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Sikumbembeleza. Nilisimama nikamwambia waulizane nyumbani, Jumatatu saa moja asubuhi nitapita barabarani na gari langu mwenyewe, mwendo wa polepole.

"Na honi?"

"Sipigi."

"Vizuri," akasema.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Jumapili yote nilikuwa nimekaa vibaya, mke wangu akaniuliza nani amefariki. Saa moja kasoro nikaingia mtaa wake, kioo nimekishusha, mwendo ule wa maiti, macho kwenye geti lake. Geti limefungwa. Hakuna mtu. Nikapita. Amri ni amri, nikaendelea.

Mbele kidogo, kwenye kona, nikamwona. Ushungi mweupe, kifurushi mkononi, kikombe kimening'inia kwa kamba. Alikuwa amewahi, tena ametembea mwenyewe mpaka barabara kubwa ili nisipate shida ya kugeuza. Ameshika mlango wa bajaji ya mtu, na anamgombeza dereva wa watu: amechelewa, gari amelitia wapi hata limekuwa dogo hivi, na kwa nini hamsaidii kupanda. Yule dereva amepigwa butwaa, anasema mama, mama, mimi nasubiri abiria wangu. Sista mguu mmoja ameshaingiza.

Nikapiga honi.

Akageuka, shingo, mabega, na kifurushi chote. "Nani," akasema, "amekuruhusu kupiga honi?"